Mama, Nyumba ya Vanga

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo huko ulikolazwa. Nakuandikia kutoka Doha, mtaa wa Al Mansoura, nimekaa kitandani katika chumba ninachokaa na wenzangu wa hotelini. Leo ni Ijumaa, siku yangu ya kupumzika. Achieng, yule rafiki yangu wa Kisumu uliyezoea kumtumia salamu bila kumjua sura, ameenda kanisani, maana huku hata ibada yao ni Ijumaa. Nimebaki na jambo linalonisumbua, na wa kumwambia ni wewe tu.

Huku nikisema natoka Kenya, watu wanataja simba. Nikisema Vanga, hata Wakenya wenzangu wananikodolea macho. Huwa nawaelekeza: shika njia ya kusini, pita Ukunda, pita Msambweni, ukikaribia mpaka wa Lunga Lunga iache barabara kubwa, shuka mpaka mikoko ikuzunguke na Kenya ikuishie. Pale ndipo kwetu. Achieng aliniuliza, "Sasa huko kuna nini ya kuona?" Roho ikaniuma. Nikamtajia zile kuta za kale zilizoota mizizi, na msikiti ambao mwadhini wake tulimjua kwa kikohozi kabla ya adhana, na soko la samaki ambako hupiti bila kuulizwa watoka wapi, waenda wapi na mbona umekonda. Alinikatiza akasema basi, amesikia.

Habari ya maji sikumwambia. Hiyo unaijua wewe. Bamvua likifika, maji yakajaa kupita kiasi, alasiri bahari inapenya kwenye mikoko, inaingia mjini, inabisha hodi nyumba kwa nyumba. Wanawake wa Vanga mlikuwa na kiburi chenu, hamkukimbia. Mlisema mgeni kaja. Ulikuwa unafungua mlango wa mbele na wa uani, yote miwili, ili maji yapite yaende zake yasisukume kuta. Mchele unapandishwa juu ya kabati, sisi watoto tunapandishwa kitandani, na jiko la makaa unalitua juu ya meza. Nakuona sasa hivi, leso umeikunja mpaka magotini, miguu i majini, unakoroga kamba wa nazi. Mama Mwanaisha akakupigia kelele kutoka nyumba ya pili, "Wataka chumvi, au yakutosha hiyo ya baharini?" Ulicheka mpaka mwiko ukakuponyoka, ukaelea, tukaurukia kuukamata. Tulikula kitandani, wali wa nazi na wale kamba, ndimu na pilipili mbichi. Sijala chakula kitamu kama kile tena.

Nimejaribu kukipika hapa. Duka la Mhindi huku chini linauza nazi, na kamba wapo, wanene kuliko wetu. Wenzangu wanaramba sahani. Mimi nauonja ule mchuzi naona una kasoro, na siwezi kusema ni ipi. Achieng anasema naringa.

Lakini yule mgeni, Mama, siku hizi hana adabu. Hapiti tena akaenda zake. Anafika mpaka nyumba ambazo zamani hakuzijua, na akiondoka anaacha kuta zimevimba. Hamisi, kitinda mimba wako, alinitumia video ya Baba amekaa sebuleni kwenye kiti chake, kofia kichwani, maji yamemfika magotini, anasikiliza redio. Wenzangu walicheka. Mimi nililia, kwa sababu nyuma yake niliuona ukuta umepasuka kutoka juu mpaka dirishani.

Hamisi alikuwa amemtengea Baba chumba kwake Ukunda. Alimbembeleza, akamletea wajomba, akamletea imamu. Baba akawa na jibu lile lile: "Nyumba hii namshikia mtu." Sote tukajua ni wewe. Mwishowe Hamisi akanigeukia mimi. "Dada, wewe ndiye akusikizaye. Ule ukuta hauvumilii bamvua lijalo, na kitanda cha Baba kiko chini yake."

Nilizungushazungusha simu mkononi hadi Achieng akachoka kunitazama. "Mpigie sasa hivi! Hiyo maji itabeba mzee wenu na wewe bado unatafuta maneno."

Nilikuwa nimejipanga kulitumia jina lako. Nilipompata nikamwambia, "Baba, Mama mwenyewe angekuwepo angehama."

Akacheka. "Mamako? Mamako ndiye aliyetaka tuhame zamani, mimi nikakataa. Yeye simshikii kitu, yuko kwa Mola wake. N'nakushikia wewe. N'kihama, we ukirudi utafikia wapi?"

Kila nilipochoka huku, nikitandika vitanda vya watu na mgongo ukiniwaka moto, nilijituliza kwa ile nyumba. Nilikuwa nikilala nakichora kile chumba changu cha uani, pazia gani nitaweka, mkeka gani. Kila mkataba nilisema ni huu mmoja tu, kisha narudi. Kumbe naye alikuwa amekaa majini ananingoja. Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia pia, sikufichi.

Nikasema, "Baba, mimi sirudi Vanga."

Nikasikia anaizima redio.

"Hurudi?"

"Sirudi. Nikija nitafikia kwa Hamisi. Hapo usinishikie."

"Ungesema," akanijibu taratibu. "Mwambie nduguyo aje na gari."

Akahama kesho yake. Hamisi anasema anakula vizuri na anawatukana bodaboda wa Ukunda kutwa nzima, kwa hiyo ni mzima. Nilijiambia nimemdanganya kwa heri yake, na kwamba siku nikirudi nitamweleza, atanisamehe, tutaufungua mlango pamoja. Juzi Hamisi akanipigia. Ukuta umelala, na paa limeufuata. Hakuna aliyeumia. Nilisema alhamdulillahi, kisha nikakaa kitako sakafuni, na Achieng akaja akakaa karibu yangu bila kuuliza.

Mkataba wangu unakaribia kuisha. Msimamizi ameniuliza kama naongeza au narudi nyumbani. Nimemwomba anipe siku chache, na zinapita sina jibu. Uongo niliomwambia Baba sasa umekuwa kweli, Mama, na hakuna wa kunilaumu ila bahari.

Hamisi anasema kwako makaburini maji hayajafika. Nikija nitakuja asubuhi, nitang'oa magugu, nitakusomea dua na kukaa nawe kidogo. Alasiri itabidi niondoke, kwa kuwa Vanga sina pa kulala.

Mola akupe nafasi huko uliko.

Binti yako wa kwanza