Bulangeti ya Tracy

Baba Tracy,

Bukari iko mu kabati, sombe ya kulia bukari iko mu kasufuria. Usiwashe ile ordinateur, ile kompyuta yako ya kazi.

Mi na Tracy tunaenda kwa dada Agnès, ku Katuba. ~~Tutarudi lelo mangaribi.~~ Tutarudi siku utaitoa mu nyumba.

Unajua baridi ya hii mwezi. Tracy alivuta matela yake ya kulalia mpaka nyuma ya ordinateur juu inatoa joto, akajifunika na bulangeti. Ile bulangeti ikafunga matundu yote pale inapumulia, na we uliiacha inatumika mpaka asubui juu ya kumaliza video za mariage za bateja. Nilisikia harufu ya kuungua. Mutoto alikuwa analala muzuri, hakusikia kintu.

Kavugho, ule alituuzisha ile mashini, alikuambia mbele yangu: processeur ya serveur, ule ubongo ya mashini kubwa za bureau, iko na nguvu, lakini inakula courant ya umeme na inaomba chumba ya climatiseur ya kuipoza. Ku nyumba unaweka ya kawaida. Ukasema ya kawaida inachelewa. Basi ichelewe. Bale ba mariage batangojea, bamekwisha kuoana, habatakimbia.

Nilimupigia simu. Anakubali kubadilisha ile processeur, lakini mupelekee na carte mère, ile kibao inaishikilia, juu ile ya kawaida haiingie mule.

Kama unaona nazidisha, bulangeti iko chini ya hii karatasi. Pitisha mukono mu ile tundu ya kuungua. Ni pale kichwa ya Tracy ilikuwa.

Mama Tracy