Jini Yangu Ina Ladha ya Sabuni, na Mke Wangu Amefunga Sanduku

Mpendwa mshauri,

Jana mezani mama mkwe wangu alitamka kwamba pombe ya jini ninayotengeneza nyumbani haifai hata kuoshea vyombo kwa sababu haitoi povu, na kwamba Jumapili akirudi kwake ataondoka na binti yake, yaani mke wangu, ambaye sanduku amekwisha kulifunga na ameliweka mlangoni ili kila nikipita nilione. Naomba msaada wako kabla siku hiyo haijafika.

Mimi ni dobi, duka la kufulia liko mbele ya nyumba na jikoni nyuma nina mtambo mdogo wa shaba wa kukenekea, na kibali ninacho kimetundikwa ukutani, kwa hiyo usije ukaanzia hapo. Nanunua spiriti safi ya kunywa kwa muuzaji mwenye leseni, naloweka viungo ndani yake usiku kucha, asubuhi nachemsha polepole na kukusanya mvuke unapopoa. Viungo nilitajiwa kwa simu na rafiki yangu mpishi wa hoteli: punje za mreteni, ambazo ndizo zinazoifanya jini iitwe jini, kisha giligilani na ganda la chungwa. Nilivipata vyote sokoni siku ileile, mreteni kavu kwenye pakiti, machungwa, na giligilani mafungu mawili mabichi yenye umande bado, nikakata mizizi, nikaosha vizuri, nikatumbukiza.

Ikatoka jini ya ladha ya sabuni. Nikafikiri ni mvuke wa dukani, nikauhamishia mtambo ukuta wa upande wa pili, ladha ileile. Nikausugua kwa majivu na limau, nikabadilisha bomba, nikaongeza fungu la tatu ili viungo viifunike hiyo sabuni, ndipo ikazidi. Shemeji yangu mpaka rangi alionja kidogo akaweka glasi chini, akaniuliza kama suruali zake ziko tayari. Jirani naye alisikia dirishani mama mkwe akilalamika kwamba kuna jini jikoni, akaja kuuliza kwa upole kama hilo jini letu hutoka nje.

Hapo ndipo nilipoteleza, mshauri, kwa sababu anayeosha vyombo ni mke wangu, na nilimwambia mbele ya mama yake kwamba ni yeye hasuuzi vizuri chungu cha kulowekea viungo na mikono yake ndiyo inayoniharibia kazi. Akanitazama akasema, “Dobi ni wewe. Sabuni iliingia nyumba hii siku uliyoingia wewe.” Tangu hapo hasemi nami. Tukikaa watatu mezani anamwambia mama yake amwambie huyo kwamba chumvi iko mbele yake, na mama mkwe ananiambia, neno kwa neno, kana kwamba nimekaa mtaa wa pili. Nifanyeje jini hii ikae sawa, ili Jumamosi niwaonjeshe na mke wangu asiondoke?

Mimi,
Dobi wa Jiko la Nyuma

JIBU

Dobi, kaa chini kwanza.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mkosaji nimemkuta katika sentensi uliyoipita mbio: mafungu mawili mabichi. Giligilani ina majani na ina mbegu, na vyote viwili tunaviita giligilani. Mpishi alikutajia mbegu kavu. Wewe ukanunua mboga. Majani hayo yananoga kwenye mchuzi, lakini kuna watu ambao ulimini mwao ni sabuni tupu, na wewe umeyaloweka kwenye spiriti usiku kucha ukakusanya harufu yake. Ladha ilipokushinda, ukaongeza fungu. Ulikuwa unakeneka saladi, ndugu yangu.

Nakuelewa ulipoanza kuitafuta sabuni dukani. Katika nyumba ya dobi, nani asingeanzia hapo? Lakini ulisugua shaba, ukang'oa bomba, ukasukuma mtambo jiko zima, na simu ya kumuuliza mpishi hukupiga. Kuuliza si ujinga. Badala yake ukamshika mkeo, ambaye kosa lake ni kuosha vyombo unavyovichafua wewe, ukamhukumu mbele ya mzazi wake. Mke si kitambaa cha kujaribia pasi.

Sasa kazi. Nunua mbegu kavu za giligilani, zile za mviringo zenye rangi ya majani makavu. Kwa vijiko viwili vya mreteni tia kijiko kimoja cha mbegu. Ziponde kidogo kwa kitako cha glasi, zipasuke tu, usizisage. Ganda la chungwa limenye jembamba, ile nyama nyeupe ya ndani iache kwa sababu ni chungu, na ulitie asubuhi, muda mfupi kabla ya kuchemsha. Tumia jiko la umeme, madirisha wazi, na moto wowote mbali, maana mvuke huo unawaka. Matone ya kwanza mwaga. Harufu ikianza kufanana na nguo iliyoanikwa ikanyeshewa, na hiyo unaijua kuliko mimi, zima. Punguza ukali kwa maji safi, kidogo kidogo, kisha funga chupa na uiache itulie wiki nzima.

Umesikia? Wiki nzima. Maana yake Jumamosi huna jini ya kumwonjesha mtu, na usijaribu kuharakisha. Mke anayefunga sanduku hazuiwi na kinywaji. Anaondoka kwa sababu ulimsingizia, na dawa ya hilo unayo mdomoni.

Kosa ulilifanya mbele ya mama mkwe, basi msamaha uombe mbele yake. Usimtume mama, mwambie mwenyewe: “Mke wangu, nilikusingizia. Yalikuwa majani, na niliyanunua mimi.” Nyamaza hapo. Usiongeze “lakini”. Akikujibu kwa maneno makali, yapokee. Akikujibu kupitia kwa mama yake, mjibu yeye, usimjibu mama.

Jibu hili linatoka gazetini leo Ijumaa. Sema leo, chakula cha jioni kikiwa mezani. Mbegu nunua kesho, mtambo uwashe Jumapili asubuhi, ukishamsindikiza mama mkwe. Chupa ifunguliwe Jumapili inayofuata, saa kumi jioni. Wa kwanza kuonja ni mkeo, na akisema bado, ni bado.