Mabati ya Mama Bhoke

Jumatatu, 9 Juni

Nimefuta meza ya Mtendaji wa Kata, nimechemsha maji, nimepanga mafaili asiyoyafungua. Amefika saa nne. Kuna mzee aliyemsubiri tangu asubuhi. Amempita kama kiti.

Jumatatu ijayo wageni wa mkoa watapita barabara yetu. Kwa hiyo leo, ghafla, kata ina uchafu. Amenipa sheria ndogo ya usafi nimsomee kwa sauti, maana miwani ameisahau nyumbani. Nina miezi kumi ya ukarani hapa, miwani hiyo sijawahi kuiona.

Kifungu: ni marufuku kuweka vifaa vya ujenzi, kuni au vyuma chakavu mbele ya nyumba. Vitakavyokutwa vitachukuliwa. Mimi ndiye nitakayeandika orodha.

Nyuma ya ofisi kuna magogo yake ya kuni, mzigo wa trekta. Nimegeuza ukurasa. Bado miezi miwili nithibitishwe kazini, na taarifa yangu anaiandika yeye.

Jumanne, 10 Juni

Ameazima vizibao vya njano kwa mkandarasi wa barabara, "ili tuheshimike". Mgambo wawili, mimi, futikamba, daftari. Andika kila kilichoko nje, piga picha, mwenye nyumba asaini. Usieleze sana, amesema.

Nilitegemea matusi. Nimetolewa viti. Mzee Marwa, fundi baiskeli, mtu asiyewahi kuitikia salamu yangu, ameshika mwenyewe ncha ya futikamba nipime rundo lake la mawe. Nikadhani ni kizibao. Nikajiona mtu. Mjinga mimi.

Kwa Mama Bhoke nimekuta uwanja uliofagiliwa na nguzo tatu tu. Ni mjane, anawauzia wachimbaji uji, na ndiye pekee aliyenipokea nilipofika kutoka Iringa bila kumjua mtu. Alinicheka nilivyoandika nguzo tatu kwa kalamu mbili, nyeusi na nyekundu.

Jumatano, 11 Juni

Sikuamini macho yangu. Nyumba zilizokuwa na vitu vichache jana, leo zimejaa hadi barabarani. Matofali. Milango bila nyumba. Vitanda. Mtu mmoja amepanda mipapai kumi na miwili mbele ya dirisha, majani yameshanyauka. Mwingine ametoa jiwe la kusagia la mama yake na kulifuta vumbi lipendeze kwenye picha.

Kila mmoja anataka nirudi na daftari.

Nimeelewa pale Mzee Marwa aliponiuliza, "Mura, kijana wangu, wakubwa wa fidia wanakuja lini?"

Huku karibu na mgodi wathamini wamepita miaka na miaka, wakipima mali za watakaohamishwa ili walipwe. Huja na vizibao, futikamba, daftari na picha. Kilichoandikwa ndicho kinacholipwa. Mwenye kuficha kitu chumbani ni mpumbavu. Na sisi tumekuja na kila kitu cha wathamini isipokuwa fidia.

Nimempigia Mtendaji. Amecheka hadi akakohoa. "Waache watoe. Wanaturahisishia kazi. Wewe andika."

Nimeandika.

Nyumba iliyofuata ilikuwa ya Mama Bhoke. Mabati ishirini, mapya, yenye karatasi bado kati yake. Alikuwa ameyaegemeza ukutani chumbani kwake. Anayanunua mojamoja mwaka wa tatu sasa, apaue nyumba mpya kabla ya vuli. Ameyatoa nje yeye na binti yake.

"Jana ulikuwa na haraka, mwanangu. Hesabu vizuri. Usiruke."

Nilijua tayari. Nikahesabu. Ishirini. Akaweka dole gumba. Nikasaini pembeni.

Alhamisi, 12 Juni

Siwezi kula. Nawadharau watu hawa kwa tamaa yao, kisha nakumbuka kwamba wao walau wanatamani kitu. Mimi naogopa tu.

Jumamosi, 14 Juni

Nimekwenda kwenye banda la uji la Mama Bhoke. Nimesubiri wachimbaji waondoke, nimeinama, nimenong'ona. Mama, si fidia. Ni operesheni ya usafi. Jumatatu watachukua. Rudisha mabati ndani.

Alikoroga kwanza.

"Nani amekutuma?"

"Hakuna, mama."

"Umekula ya nani? Kwa Marwa hujanong'ona. Kwa jirani yangu Gati hujanong'ona. Kwa mjane ndiyo umekuja na kinywa cha panya, ili nikose."

Nikaapa. Akasema kiapo cha karani ni muhuri, uko wapi?

Niliyoyaandika niliyapiga picha na kuyasaini mchana, mbele ya watu. Ukweli nimeupeleka kwa kunong'ona, nikiangalia nyuma. Na mimi nisingeniamini.

Ningeweza kusimama barabarani niseme kwa sauti. Badala yake nimefua mashati.

Jumatatu, 16 Juni

Trekta na tela saa moja asubuhi. Mtendaji mbele, suti, orodha yangu mkononi ikiwa imepinduliwa juu chini. Nilimgeuzia. Mbele ya watu wote, nikamgeuzia karatasi ili aweze kunyang'anya vizuri.

Watu walishangilia trekta lilipofika. Walidhani limeleta watu wa fidia. Kisha mlango wa kwanza ukarushwa ndani ya tela, na kelele zikabadilika.

Mzee Marwa alinitemea mate kiatuni. Sawa.

Mama Bhoke aliketi juu ya mabati. Hakulia, hakutukana. Mgambo wakamwambia ainuke, mama, usituletee shida. Akanitazama mimi, si wao. Nikasoma: "Mabati, ishirini." Sauti ilitoka vizuri kabisa. Binti yake ndiye aliyemshika mkono akainuka.

Wageni walipita saa nane. Magari manne, vioo vimefungwa. Hawakupunguza hata mwendo. Mtendaji alipungia vumbi.

Jumanne, 17 Juni

Vitu vyote vimerundikwa uwanja wa ofisi. Ndiyo, nje. Ndiyo, mbele ya jengo. Nimeona mimi peke yangu.

Nimemkumbusha Mtendaji kifungu kinachofuata: mwenye mali ana siku saba kudai kwa barua, na barua ikishapokelewa, mali haiguswi mpaka mkutano wa kata umsikilize. Visivyodaiwa ni mnada. Ameniambia nifungie sheria ndogo kwenye droo. "Mambo ya barua ni ya wasomi. Hawa watajua wapi?" Baadaye nimemwona akigonga mabati kwa kidole, akisikiliza unene wake. Ana banda la ng'ombe halijapauliwa.

Nilikuwa nikimwogopa mtu huyu. Bado namwogopa. Ila sasa naona haya kumwogopa.

Alhamisi, 19 Juni

Nimekwenda kwa Mama Bhoke kabla ya kazi, na karatasi, wino na nakala ya sheria. Shikamoo yangu aliiitikia kwa sauti ndogo. Hakunikaribisha kiti. Nikaketi chini, mlangoni, nikamsomea kifungu mara mbili.

Akasema, "Andika basi."

Alitaja kwa utaratibu: mabati ishirini, mwaka wa tatu, chumbani kwake. Nilipofika mwisho akanizuia.

"Andika na jina lako. Kwamba yalikuwa ndani, na wewe ulijua, ukayahesabu nje."

Nikaandika. Akataka nimsomee yote, taratibu. Jina langu akataka nilirudie. Kisha akabonyeza dole gumba, akalifuta kwenye khanga.

"Hapo sasa umeandika," akasema, akaenda kuwasha moto wa uji.

Ofisini nimeipa barua namba, nimeigonga muhuri wa kupokelewa, tarehe ya leo. Nimeiweka katikati ya meza yake. Ataniita nimsomee.