Kidole cha Sita Mahali pa Adresi

Maman Nsimire,

Kwa heshima zote, mbele ya mashahidi wawili na panya mmoja, ninakutangazia kwamba kabati yako ya fishi, zile kadi za wagonjwa, imestaafu. Sasa inatunza sabuni. Fishi za watoto wote wa pavijo yetu, wodi nzima, ziko ndani ya mashini, ile kompyuta mpya, na aliyeziingiza ni mimi, Bahati, mfagiaji. Walitafuta mwenye diplome, lakini hakuna aliyeweza kusoma mwandiko wako. Mimi niliufagia chini ya meza yako miaka yote uliyouguza hapa. Tulizoeana.

Injinia alinifundisha siku mbili: jina hapa, kilo hapa, chanjo hapa. Nikamuuliza, na yale Maman aliyoandika pembeni? Akacheka. "Papa, mashini haina pembeni." Wewe ulikuwa unaniambia, "Bahati, mutoto iko pembeni. Katikati iko namba tu." Basi alipoondoka, maneno yako yote ya pembeni niliyaweka mahali pa adresi. Palikuwa na nafasi.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Nyantende akaleta binti yake anawaka homa, kifua kinapiga. Fishi yake, ile ya kutunza nyumbani, safi kama kitambaa cha altare. Muuguzi akatafuta jina kwenye mashini, hakuona shida, akavuta penisilini. Dokta, kabla ya kukubali, akataka kujua wametoka umbali gani. Akasoma adresi kwa sauti: "Nyantende, kidole cha sita mukono wa kushoto."

Wakacheka wote. Mimi nikaacha ufagio, nikahesabu vidole vya mkono wake wa kushoto. Vitano. Nikahesabu tena, maana hesabu si kazi yangu. Vitano.

"Dokta, huyu si yeye."

Mama akaanza kulia. Fishi yao ilimwagikiwa mawese, akaogopa kugombezwa, akaazima ya mtoto wa jirani. "Yake iko propre, iko safi, dokta." Tukafungua jina la kweli, Furaha. Adresi: "Nyantende, nyuma ya kinu. Penisilini hapana! Alivimba midomo na koo, karibu tumupoteze."

Ile alama ya mshangao ni yako, Maman. Niliichapa vilevile.

Sindano ikarudi kwenye sinia. Furaha akapewa dawa nyingine, na siku ya nne akaomba bugali na sambaza, vile visamaki vya ziwani.

Sasa mashini ina pembeni! Dokta aliamuru, injinia akarudi kuitengeneza. Iko upande wa kuume wa kioo, ya rangi ya njano, na wauguzi wote lazima waijaze, hata wale waliosema unaandika kama unamwandikia shoga yako. Injinia alinipa mkono, akaniita "collègue", yaani mwenzake wa kazi. Nikageuka kukuonyesha, na… basi. Niligeuka tu.

Pumzika kwa amani, Maman. Ninakuahidi, mradi niko hapa, hakuna mtoto atakayepita akiwa namba tu.

Juzi Furaha alirudi kupimwa kilo. Mama yake alikuja tena na fishi ileile ya jirani, maana yao bado ina mawese.

Bahati