Jiwe la Kukamulia Tofu

Hefei,
siku kumi kabla ya sikukuu ya kufagia makaburi

Mdogo wangu Suqin,

Salamu zangu zikukute mzima, na magoti yako yawe yamepata nafuu baada ya baridi ile. Mimi bado napumua, ingawa kwa msaada wa mpira wa puani, na mkono huu unaoandika unapumzika kila baada ya mistari miwili. Yunfei atakusomea barua hii. Mjukuu wangu, nakuomba usiruke neno, hata bibi yako akikwambia uache.

Suqin, nimekuficha jambo kwa miaka hamsini na saba. Linahusu jiwe unalokamulia tofu, lile ulilorithi kwa mama. Nilikusudia kufa nalo. Lakini juzi Yunfei alinipigia simu kwa furaha, akasema kwamba akiolewa mwezi wa tano utampa jiwe hilo aende nalo kwake, maana ni jiwe la baraka, na fundi atalijengea jikoni karibu na sinki. Nilimjibu kwamba ni vizuri. Nikakata simu, nikatapika kwenye beseni. Muuguzi alidhani ni dawa.

Wewe na ndugu zetu wote mnaamini kwamba shule ndiyo iliyonifanya nikatae tofu ya nyumbani. Wewe mwenyewe ulikuwa ukiniuliza mezani, “Bwana mkubwa, leo inanuka udongo au inanuka nguruwe?” na wote wakacheka, nami nikacheka pamoja nanyi. Umesahau, kwa kuwa ulikuwa mdogo, kwamba hakuna aliyeipenda tofu ya mama kuliko mimi. Nilikuwa nikimsaidia kusaga soya zilizolowa usiku kucha. Nilishika pembe mbili za kitambaa yeye akishika mbili, tukalichuja tui la soya, machicha yakaenda kwa nguruwe. Aliponigeuzia kisogo akiengua povu, nilichota tui la moto nikalinywa. Jasi ya kugandishia alikuwa akiitia kidogo kidogo, huku akiiambia sufuria, “Taratibu, taratibu, hatukimbizwi na mtu.” Tofu ikitoka kwenye kitambaa nilikula ya pembeni ingali ya moto, bila chumvi.

Halafu likaja jiwe.

Ilikuwa mwaka ule wa kuvunja vya kale, tulipoamriwa kubomoa kila kilichoachwa na mababu, soya zikiwa zimekwisha kuvunwa. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu wa shule ya kijiji. Nililibeba jiwe lile mgongoni, limefungwa kwenye gunia, nikitaka kulipondaponda nyuma ya zizi pasipo mtu kuona. Nikamkuta mama mlangoni. Ubao wake wa kukamulia ulikuwa umeoza, na kwa wiki nzima alikuwa akilalamika kwamba tofu inatoka imejaa maji kama godoro lililonyeshewa. Alilivua gunia kwa mikono yake. Akasema, “Mwanangu, umenikumbuka!” Ningemwambia nini? Nilimwambia nimeliokota kwenye kizingiti cha hekalu lililobomolewa. Nikaliweka jikoni, upande wenye maandishi ukiwa chini.

Kesho yake nilimkuta amelipindua. Aliniambia upande ule mwingine una makwaruzo yanayochana kitambaa, na huu wenye maandishi una mifereji inayopitisha maji vizuri. Akaufunga mgando, akauweka juu ya maandishi, kifuniko cha mbao juu yake, na ndoo ya maji juu ya kifuniko. Nilisimama nikayatazama maji ya manjano yakitiririka katika kila herufi na kudondoka sakafuni.

Alipofungua kitambaa, maandishi yalikuwa yamejichora kwenye tofu, meupe juu ya weupe, yamegeuka kama kwenye kioo. Mama Qiao wa jirani alipiga kofi akacheka, akamwambia mama: “We Xianzhi, hata tofu yako imesoma kutuzidi!” Mama naye akacheka mpaka machozi yakamtoka, kisha akanigeukia akaniuliza, “Mwalimu, tusomee basi. Pameandikwa nini?” Katika kijiji chote tuliojua kusoma vizuri tulikuwa wawili, mimi na karani wa kikosi cha kilimo cha kijiji, na karani hakuwahi kukanyaga jikoni kwetu.

Nikawasomea, “Heri na ishuke juu ya nyumba hii.”

Mama aliyapapasa maandishi kwa kidole kilicholowa. Akanikatia kipande cha kwanza, akakitilia mchuzi wa soya na majani ya kitunguu. Nilikitia kinywani. Kililainika ulimini kama kitu kilichokwisha kutafunwa na mtu mwingine. Nikatoka mbio nikakitemea zizini, na nguruwe akakila.

Tangu siku hiyo harufu ya soya inayochemka hunitoa nyumbani. Ukianika tofu kavu uani nilikuwa napita njia ya nyuma. Kila mwaka mpya ulinitumia kipande kimefungwa vizuri, nami nilikitupa jalalani kingali ndani ya kitambaa chake, kisha nikanawa mikono mara tatu. Nisamehe kwa vitambaa hivyo, najua ulivishona mwenyewe.

Miaka kumi na miwili baadaye mama akawa anaaga. Alikuomba umkamulie tofu laini. Alishika kipande kwa vijiti vyake, lakini hakukila. Alinielekezea mimi. Akasema, “Kula basi, mwanangu. Mikono yangu inakutia kinyaa kiasi hicho?” Nikafumba mdomo. Kipande kikaanguka juu ya shuka. Uliniita mshenzi mbele ya shangazi, na ulikuwa umesema kweli. Siku ya nne akafariki akiamini hivyo. Kwenye tofu ya matanga, inayoliwa mtu akishazikwa, kijiji kizima kilikaa uani kikala, na wewe ulikuwa umeikamulia kwenye jiwe lile lile. Nilikuwa nikitazama midomo ya watu ikifunguka na kufumbika. Sijawahi kuona kitu cha kuchukiza zaidi, na katika ua ule mimi ndiye niliyekuwa cha kuchukiza kuliko vyote.

Haikuwa mikono yake, Suqin. Leo maandishi yamesuguliwa kwa brashi mpaka hayasomeki, kwa hiyo sikiliza yalivyokuwa. Yalisema: “Limesimamishwa na binti yake, Yu Xianzhi.” Ni nusu ya chini ya jiwe la kaburi la bibi, mzaa mama. Bibi hakuwa na mtoto wa kiume, ndiyo maana mama alisuka mikeka vipupwe viwili mpaka akaweza kumchongea jiwe. Maneno aliandikiwa na mchongaji, maana mama mwenyewe hakujua kusoma. Nusu ya juu ilijengewa banda la nguruwe la kikosi. Hii ya chini niliibeba kwa woga, jina la mama lisije kuonekana. Baadaye makaburi yalisawazishwa yakapandwa karanga, na mama mwenyewe hakuweza tena kupatambua mahali.

Wewe kila mwaka unazunguka mlima ule wa makaburi na ubani na karatasi za kuwachomea wafu, hujui uiname wapi. Inama hapa: kwenye mteremko wa mashariki, hatua thelathini na moja kupanda kutoka kisima kikavu, mkono wa kushoto. Nilizihesabu, na sijazisahau. Usimpe Yunfei jiwe hilo. Mrudishieni bibi.

Nisalimie shangazi kama bado anasikia, na mchumba wa Yunfei, kijana mpole. Mwambie fundi aweke sinki tu.

Sasa mtanionea huruma, mtasema vijana wa wakati ule waliamrishwa. Siku ile tulipopanda mlimani kuvunja mawe ya makaburi, kiongozi wa kikosi, Mzee Pang, alinivuta kando akaninong'oneza, “Mwalimu, la bibi yako liruke. Nitasema halikuonekana.” Nilimjibu kwa sauti ili wote wasikie kwamba sina bibi, na nikalitia sururu mimi mwenyewe, kabla ya mawe mengine yote.

Kaka yako,
Fang Deyuan