Jina Tulilolifunika kwa Zeze

Jumanne, Area D. Upepo unavuma tangu asubuhi na vumbi limeingia hadi kwenye kopo la sukari. Nimefunga madirisha yote, lakini bati la jikoni halinyamazi.

Chakula cha mchana kimepoa mezani. Naandika ili nijue ninachokifikiri.

Kwa wasomaji wapya: kwa zaidi ya miaka ishirini nilikuwa mtayarishaji wa filamu za televisheni. Watu humchanganya mtayarishaji na mwongozaji, kwa hiyo nieleze. Mwongozaji humwambia mwigizaji asimame wapi na atazame wapi. Mtayarishaji hutafuta gari, kibali na chakula cha watu thelathini, hupatana na mwenyekiti wa kijiji, na filamu ikishaunganishwa, ndiye anayesema hiki kibaki na kile kitoke. Neno la mwisho lilikuwa langu. Leo natamani lingekuwa la mtu mwingine.

Karatasi zangu zinakwenda maktaba ya chuo. Hii ni wiki ya pili Rehema, binti wa Kondoa anayefanya kazi huko, anakuja kila asubuhi kuziorodhesha: miswada, ratiba za kurekodi, barua za kuomba vibali, kanda. Anafanya kazi kama mtu anayechambua mchele. Akiniuliza kuhusu karatasi, namjibu kwa urefu kuliko anavyohitaji. Jana alinikumbusha, kwa adabu zote, kwamba fomu yake ina mistari miwili tu ya maelezo.

Leo alifungua faili la filamu tuliyoirekodi Haneti.

Hiyo ndiyo filamu ambayo watu wananikumbuka kwayo. Ni habari ya familia inayomzika mtoto wakati wa njaa, na kuna mama anayelia kaburini. Hakuwa mwigizaji, tulimpata palepale kijijini. Kilio chake kiliwafanya watu waache kula mbele ya televisheni zao. Nimefundisha semina nyingi kwa kilio kile. Niliwaambia vijana kwamba vipaji viko mashambani, kwamba yule mama alilia mara moja tu, bila mazoezi, na hatukuhitaji kurudia.

Rehema alinipa karatasi ya mwendelezo. Hii nayo inahitaji maelezo. Filamu hairekodiwi kwa mpangilio unaouona nyumbani. Mtu anaweza kuingia mlangoni leo na kutokea upande wa pili mwezi ujao, kwa hiyo lazima awepo wa kuandika nguo, nywele na maneno, ili aliyeingia na khanga nyekundu asitoke na ya bluu. Kwetu kazi hiyo aliifanya marehemu Salome, aliyewahi kuwa mwalimu, na mwandiko wake unasomeka mpaka leo.

Picha mbili zimebanwa kwa pini. Katika ya kwanza yule mama amesukwa nywele, anateka maji. Ya pili ni ya wiki tatu baadaye, kwa sababu kamera iliharibika tukalazimika kurudi mjini. Katika hiyo ya pili kichwa chake kimenyolewa, kinang'aa juani.

Chini Salome ameandika: "Amenyoa. Afungwe kilemba asionekane tofauti. Amekosea jina la mtoto, amesema Nyemo. Mtoto wetu ni Tatu."

Pembeni, kwa wino wa kijani, kuna mwandiko wangu: "Asirudie, kilio ni kizuri mno. Jina lifunikwe kwa zeze."

Rehema aliitazama ile picha ya pili kwa muda mrefu.

"Mzee, huyu mama alikuwa amefiwa?"

Mimi ni Mgogo. Nimezaliwa na kukulia katika uwanda huu. Mdogo wangu alipofariki nilikuwa mtoto, na nilikaa karibu na mama wakati shangazi akimnyoa. Nakumbuka wembe ulivyokuwa ukichovywa kwenye bakuli la bati. Hakuna mtu wa huku anayehitaji kufundishwa maana ya mwanamke kunyoa kichwa. Nami nilikiona kichwa kile nikahangaika kutafuta kilemba cha rangi inayofaa.

Sikuuliza.

Rehema alipokwenda kuswali adhuhuri nilimpigia simu Chedego, aliyekuwa mwenyeji wetu Haneti siku zile. Sasa ni mzee kama mimi. Tulianza na habari za mtama, kisha za magoti yetu. Nikamuuliza kuhusu Mama wa Tatu, maana ndivyo tulivyomwandika mwishoni mwa filamu. Hakumfahamu mtu wa jina hilo. Ikabidi nimweleze.

"Aa, unamsema Mama Nyemo."

Nyemo aliugua homa wiki ileile tuliyoondoka, na hatukuwa tumerudi alipozikwa. Nilimuuliza Chedego kwa nini hakuniambia.

"Nilidhani umeona. Una macho, na wewe ni mtu wa huku."

Akaendelea bila ukali, kama mtu anayesimulia mambo yaliyokwisha kupoa. Msibani Mama Nyemo hakulia hata kidogo, mpaka watu wakaanza kumsema. Wengine walisema ana moyo wa jiwe, wengine wakasema mabaya zaidi. Mbele ya kamera yetu ndipo kilio kilipotoka. Kijiji kizima kilisimama nyuma ya ile kamba tuliyoifunga, na kilimsikia akimwita mwanawe. Siku ile maneno yalikwisha.

Filamu ilipoonyeshwa walileta televisheni kwa mwenyekiti wakaiunganisha na betri ya gari. Mama Nyemo walimwekea kiti mbele. Walikuwa wamemwambia kwamba nchi nzima itasikia jina la mtoto wake.

"Likapita zeze," Chedego alisema. "Akatuuliza kama televisheni ni mbovu."

Rehema aliporudi nilimwomba tusikilize kanda ya awali, yenye sauti kabla ya muziki kuwekwa. Alikuwa ameshainakili kwenye kompyuta yake wiki iliyopita. Kwanza ulisikika upepo wa Haneti, kisha jembe likigonga mawe. Halafu jina. Aliita mara tatu. Mara ya tatu aliita kwa sauti ya chini, ya kawaida kabisa, kama mtoto yuko nyuma ya nyumba na ugali uko tayari.

Rehema alisimama akaenda dirishani. Hakukuwa na cha kutazama huko ila vumbi.

Tangu Rehema aondoke nalisikia jina lile. Siamini mizimu, na kazi yangu imenifundisha jinsi sauti inavyodanganya: bati lililolegea linaweza kutoa karibu sauti yoyote ambayo sikio linaingoja. Najua hivyo. Hata hivyo kila linapogonga nangoja liite tena.

Nikiri na jambo moja zaidi. Kabla ya kuondoka Rehema aliniuliza kama ile karatasi aiorodheshe au nibaki nayo. Mkono wangu ulikuwa umeshanyooka kuichukua. Ningebaki nayo, nani angejua? Semina zangu zingebaki zilivyokuwa, na wale vijana niliowafundisha, ambao sasa nao wana filamu zao, wangeendelea kuisimulia habari ya kipaji cha mashambani.

Nilimwambia aiorodheshe. Aliandika kwenye mistari yote miwili, akageuza fomu akaendelea nyuma: kwamba mwanamke wa kwenye picha ni Mama Nyemo wa Haneti, kwamba alikuwa amefiwa na mwanawe, kwamba hakukosea jina, na kwamba aliyeamuru lifunikwe ni mimi. Nikatia saini.

Kesho asubuhi naenda Haneti. Chedego atanipokea. Anasema Mama Nyemo yupo, macho yamefifia lakini masikio ni mazima. Rehema ameniwekea ile sauti kwenye simu, bila zeze.

Nitaanza na shikamoo, kwa kuwa ananizidi umri. Yanayofuata nimeyaandika na kuyafuta mara nne. Labda nisiyaandike. Nitamsikilizisha, kisha ningoje maswali yake. Na akiniuliza kama televisheni ilikuwa mbovu siku ile, nitamwambia ilikuwa nzima.