Faini za Darajani

Jumamosi, 10 Januari 1976
Sijamwambia mtu. Si Mama, si kaka Bazilio. Wazo la faini kubaki kituoni ni langu! Mwaka jana, darasa la saba, tuliandika insha: usalama wa kata yetu. Nikakumbuka Bibi Theodosia alivyovunjiwa mlango, polisi wakasema Landirova haina matairi. Nikaandika: faini za barabarani zisiende mbali, zibaki kituoni, zinunue matairi. Mwalimu Nicodemus akafurahi, akaipeleka mwenyewe wilayani, Kasulu. Wakubwa wakakubali. Nilijiona nimejenga taifa. Mpumbavu mimi.

Jumatatu, 12 Januari
Polisi wamemkamata Bazilio darajani, gunia la maharage kwenye keria ya baiskeli. Saa nane mchana!
"Taa iko wapi?"
"Afande, jua lote hili?"
"Kwani halitatua?"
Shilingi ishirini. Hana. Baiskeli imebaki kituoni na maharage karudi nayo kichwani.

Jumatano, 14 Januari
Bibi Theodosia kaibiwa mbuzi wawili. Kaenda kituoni kwa miguu, kaambiwa gari liko kazini. Kazini! Liko darajani na matairi mapya, linangoja baiskeli. Nawachukia. Bibi karudi akilaani njia nzima: aliyewapa akili hiyo aote majipu asiweze kukaa. Nikampa shikamoo. Akaniitikia vizuri tu, akaniita mjukuu wake.

Ijumaa, 16 Januari
Kilabuni wameshampata mkosaji — Mwalimu Nicodemus. Tarishi wa wilayani kawaambia aliyeleta ile karatasi ni yeye. Mtu wa Singida, wanasema, katuuza! Leo hakuna aliyemuuzia maziwa. Watoto wanamfuata wakiimba "Mwalimu Faini", wanamtupia maganda. Nilimkuta kisimani, anachota maji mwenyewe. Nikafungua mdomo nikiri, akaniwahi. Akasema polepole, "Nenda nyumbani, binti. Mimi watanihamisha, basi. Wewe kwenu ni hapa."
Kwa hiyo anakumbuka ni nani aliyeandika. Na hajanitaja.

Jumapili, 18 Januari
Wamekuja baada ya misa, wanaume tisa. Wanataka barua kwa Afisa Elimu: Mwalimu aondolewe kabla ya mwezi kwisha. Katika hao tisa hakuna anayejiamini kuandika. Baba akanisogezea meza, kifua mbele.
"Andika, mama. Andika kwamba wazo la faini kalileta yeye."
Bazilio akadakia, "Ongeza na mshenzi!" Wakacheka.
Nimeandika anwani. Tarehe. "Ndugu Afisa Elimu." Hapo nikaacha. Nikasema biro imeisha wino, nikaingia chumbani kutafuta nyingine.
Haijaisha. Ndiyo hii ninayoandikia.
Nawasikia. Wanabishana nani atie kidole gumba kwanza. Nikisema, Bazilio atanipiga, Baba ataumbuka mbele ya watu wake wote. Nikiandika, Mwalimu atasomewa uongo kwa mwandiko anaoufahamu.
Baba ananiita mara ya pili. Daftari langu, tafadhali, usimwambie mtu. Kama ni kusema, nataka niseme mimi — naenda —